Vitu Vitupwavyo Nyumbani Vyaweza Kuwa Kazi Njema ya Mikono

Katika miji ya Thika na Ruiru hakuna kitu kipatikanacho kwa urahisi kama masalio. Mafundi cherehani waketio barazani mwa maduka hukata vitambaa mchana kutwa, na jioni vipande vyao hufagiliwa pamoja na vumbi. Sokoni, penye nguo za mitumba, kuna sweta ambazo hakuna atakaye kuzivaa, kwa kuwa viwiko vimetoboka au shingo imelegea. Jikoni mna makopo matupu, na mbele ya duka la nafaka kuna magunia yaliyopasuka. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikipitia Ruiru, na mashamba ya kahawa na ya mkonge yakaenea pande zote za njia hiyo. Baadaye vikaja viwanda vya ngozi, vya vitambaa, na vya kutia mananasi katika makopo. Kila shamba na kila kiwanda huacha kitu nyuma.

Watu wengi wamepata kuambiwa ya kwamba masalio haya yaweza kugeuzwa kuwa mapambo na vyombo vya nyumbani. Neno hili ni kweli, lakini mara nyingi husemwa kwa wepesi mno. Mama huonyeshwa ua la karatasi au chupa iliyopakwa rangi, hurudi nyumbani akafanya kama alivyoonyeshwa, na baada ya mwezi mmoja ua limefifia na chupa imerudi jaani ilikotoka. Kazi hiyo haikumpa kitu, tena imemla Jumamosi yake.

Basi yafaa kuanza na swali lingine: je, kitu hiki kilichochakaa kimebakiwa na nguvu gani? Sweta iliyotoboka kiwiko ina nyuzi nzima mgongoni. Gunia lililopasuka upande mmoja ni imara upande wa pili. Kopo lililokwisha mafuta bado halivuji. Fundi ni yule aionaye nguvu hiyo iliyobaki, akaipa kazi inayolingana nayo.

Jambo Hili Si Geni

Wanawake wa Kikuyu na wa Kamba walisuka vyondo tangu zamani kwa nyuzi za magome ya miti na vichaka vya porini, wakizisokota kwa kiganja juu ya paja. Mkonge haukuwako. Mmea huo asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wakaupanda Kenya pia, mojawapo ya mashamba ya kwanza likiwa Punda Milia, upande wa Makuyu, mbele ya Thika. Mkonge ulilimwa ili upatikane uzi wa kamba na magunia ya kuuzwa ng'ambo. Lakini ulipopandwa pia kuwa ua wa mashamba madogo, wanawake waliona ya kuwa jani moja lililoparwa kwa kisu hutoa nyuzi nyeupe, ndefu na ngumu, pasipo taabu ya kwenda porini. Nyuzi za magome zikaachwa pole pole, na kiondo kikawa cha katani.

Kushona na kufuma kwa sindano kuliingia kwa njia nyingine. Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa chini ya idara ya Serikali iliyoangalia maendeleo ya jamii, na vilabu vyake vikafundisha kushona, kufuma, usafi na malezi ya watoto. Mwaka huo huo Hali ya Hatari ilitangazwa, na tangu mwaka 1954 watu wapatao milioni 1 wa Mkoa wa Kati, wa Kiambu wakiwa miongoni mwao, walihamishwa kwa nguvu wakae katika vijiji vilivyolindwa na askari. Wengi walivishuku vilabu hivyo, wala si bila sababu, kwa maana Serikali ilivitumia pia kuwavuta wanawake waache kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Hata hivyo sindano haikuwa na kosa. Mwanamke aliyejifunza kutia kiraka mahali palipotoboka alikwenda na ujuzi huo nyumbani kwake, nao ukabaki naye baada ya Hali ya Hatari kwisha mwaka 1960.

Mambo haya mawili, yaani kiondo cha katani na uzi wa sufu wa kufumia, yalikutana katika kazi moja ambayo hata leo ndiyo mfano ulio bora wa kugeuza masalio. Kazi hiyo ni kiondo cha rangi kilichosukwa kwa uzi wa sweta kuukuu.

Sweta Kuukuu Yawa Kiondo

Kazi hii huharibika au hufaulu sokoni, kabla uzi mmoja haujafumuliwa. Mnunuzi aigeuze sweta ndani nje, autazame mshono wa ubavuni. Sweta ni za namna mbili. Nyingine hufumwa kila kipande kwa umbo lake, kingo zake zikiwa nzima, kisha vipande huunganishwa. Nyingine hukatwa kwa mkasi kutoka katika kitambaa kipana kilichofumwa na mashine, na kingo zilizokatwa huzungushiwa nyuzi nyingi ili zisichanike. Ya namna ya kwanza ikifumuliwa hutoa uzi mrefu, mstari baada ya mstari. Ya namna ya pili hutoa vipande vifupi, kimoja kwa kila mstari, na kuviunga ni kazi isiyokwisha. Mwuzaji hatamwambia mnunuzi tofauti hii, pengine kwa kuwa yeye mwenyewe haijui.

Tena kuna sweta ya sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto, ikajikunja na kuwa nzito kama blanketi. Hiyo haifumuliki kabisa, kwa sababu nyuzi zake zimeshikana. Haifai kiondo, lakini yafaa sana kukatwa soli za ndani za viatu, au kishikio cha kuepulia sufuria.

Mishono hutangulia kufumuliwa, kwa wembe na bila haraka. Kisha ncha ya uzi hutafutwa upande wa shingo au wa bega. Sweta nyingi zimefumwa kutoka chini kwenda juu, na kitu kilichofumwa hufumuka kuanzia pale kilipomalizikia. Mtu aanzaye upande wa chini huvuta, hukata, hukasirika, na mwisho hutupa.

Uzi utokao huwa na mikunjo kama nywele zilizosukwa zikasukuliwa. Yapasa kuuzungusha katika mgongo wa kiti ufanye duara refu, kuufunga kwa kamba mahali 4 usivurugike, kuuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na kuuanika kivulini huku chupa yenye maji imetundikwa chini yake. Uzito wa chupa huinyosha mikunjo. Rangi nayo hupimwa wakati huo. Kipande cha uzi kikiloweshwa na kufungwa ndani ya kitambaa cheupe usiku mmoja, asubuhi kitambaa kitaonyesha kama rangi yachuja. Uzi uchujao usitumiwe, maana kiondo hunyeshewa mvua na hubebwa ubavuni mwa nguo njema.

Hapa pana kosa moja la kuangaliwa. Uzi wa sweta hunyumbuka. Kiondo kilichosukwa kwa uzi huo mtupu hupendeza kikiwa kitupu, lakini kikitiwa viazi hulegea na kuning'inia kama soksi. Kwa hiyo nyuzi zisimamazo, zile zitokazo kitakoni hata mdomoni, ziwe za katani iliyosokotwa sawasawa; uzi wa sweta ni wa kuzungushwa tu. Katani huchukua mzigo, na sufu huleta rangi.

Kazi huanza katikati ya kitako. Nyuzi chache za katani zenye urefu sawa hulazwa zikipishana msalaba. Kisha nyuzi 2 za kusukia huzungushwa pamoja, mmoja ukipita mbele ya uzi wa katani na wa pili nyuma yake, nazo hupindana na kubadilishana zamu kabla ya kuufikia uzi wa katani unaofuata. Mzunguko ukipanuka, nafasi huonekana kati ya nyuzi za katani, na hapo huongezwa nyuzi mpya. Hapa ndipo mwanafunzi akosapo. Akiongeza chache, kitako hujikunja kama bakuli kabla ya wakati wake; akiongeza nyingi, hufanya mawimbi kama sikio la tembo. Hakuna hesabu iwezayo kuandikwa kitabuni kwa jambo hili, kwa kuwa unene wa nyuzi hutofautiana. Dawa yake ni kukilaza kitako mezani kila baada ya mizunguko michache na kukitazama kama kimelala sawasawa. Upana utakiwao ukifikiwa, kuongeza hukoma, na ubavu huanza kupanda wenyewe.

Rangi hupangwa kwa njia nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Nyuzi 2 za kusukia zikiwa za rangi mbali mbali, na nyuzi za katani zikiwa hesabu shufwa, kwa mfano 80, kila rangi itarudi mahali pake kila mzunguko, na kiondo kitapata mistari iliyosimama. Nyuzi za katani zikiwa 81, rangi zitapishana kila mzunguko na kufanya madoadoa. Uzi mmoja tu wa katani huibadili sura yote. Mwanamke aliyeonyeshwa neno hili hahitaji mfano wa kuigiza.

Kiondo kimoja cha wastani huchukua siku nyingi, maana mara chache husukwa kwa kuketi kutwa. Husukwa njiani, mkutanoni, na jioni chakula kikiwa motoni. Kwa ajili hiyo wasukaji wengi hawazihesabu siku zao, na hapo ndipo hasara iingiapo. Mwanamke ambaye uzi wake haukumgharimu ila bei ya sweta moja ya mtumba asidhani ya kuwa bei yote ya kiondo ni faida. Afadhali aandike katika karatasi saa alizosuka, azilinganishe na ujira ambao angaliupata kwingine. Katika nchi hii ya kahawa hesabu hiyo ni rahisi, kwa sababu wachumaji hulipwa kwa debe. Mavuno makubwa huangukia tangu Oktoba hata Desemba. Miezi hiyo mikono yenye nguvu yaweza kupata zaidi shambani. Miezi ambayo mibuni haina tunda, saa moja ya kusuka haimnyang'anyi mtu kitu.

Soko nalo hugeuka. Katika miaka ya 1970 na 1980 vyondo vya Kenya vilipendwa sana Ulaya na Marekani, wanawake wa huko wakivichukua begani, na vikundi vingi vya wasukaji vikapata fedha ambazo havijapata kuziona. Kisha viwanda vya Asia vikaanza kutoa vikapu vya mfano huo kwa mashine, na bei ya kazi ya mkono ikaanguka. Mlango mwingine ulifunguka nyumbani kwenyewe. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini Kenya, na adhabu iliyowekwa yafika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Mnunuzi wa Thika aliyekuwa akipewa mfuko bure katika kila duka akalazimika kwenda sokoni na chombo chake. Mteja wa namna hii hatafuti pambo la ukutani. Ataka kiondo kichukuacho kabeji 2, viazi na chupa ya mafuta, wala kisikatike mkono barabarani.

Vipande vya Fundi Cherehani

Vitambaa vidogo huhitaji kutengwa kabla ya kushonwa, na watu wengi hutenga kwa rangi. Yafaa kutenga kwa jinsi ya kitambaa kwanza. Pamba ikishonwa pamoja na kitambaa kisichorudi, ufuaji wa kwanza utaivuta pamba na kuacha makunyanzi. Vipande vyote vifuliwe na kunyoshwa kwa pasi kabla ya mkasi kuvigusa, hasa kitenge kipya, ambacho hurudi na pengine huchuja.

Asiyeweza kutambua kitambaa kwa mkono achomoe nyuzi chache aziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka kwa mwali na kuacha majivu mepesi, ikinukia kama karatasi. Sufu hunuka nywele. Kitambaa cha kiwandani cha jamii ya nailoni na polista hujikunja, huyeyuka, na kuacha kidonge kigumu. Jaribio hili dogo lina maana kubwa jikoni. Kishikio cha sufuria kilichoshonwa kwa vitambaa vizuri vya kung'aa chaweza kuyeyuka katika mkono wa mpishi na kumshika ngozi. Vishikio, na kitu cho chote kitakachokaribia moto, viwe vya pamba au sufu peke yake, ndani na nje.

Kwa blanketi la viraka, kiolezo cha mraba hukatwa katika karatasi ngumu ya boksi, na vipande vyote hufuata kiolezo hicho, nyuzi za kitambaa zikikimbia sambamba na ukingo. Sentimita 1 huachwa pande zote kwa ajili ya mshono. Vipande hushonwa viwe mistari kwanza, kisha mistari huunganishwa. Ndani hutiwa blanketi kuukuu, na nyuma shuka. Tabaka zote 3 hushikizwa kwa mishono michache iliyotawanyika ili zisiteleze.

Shuka yenyewe ina siri yake. Shuka huchakaa katikati, mahali mtu alalapo, na kingo hubaki nzima. Ikikatwa kwa urefu katikati, kingo mbili nzima zikashonwa pamoja, na pande zilizochakaa zikapindwa nje, hupata maisha mapya. Mshono utakuwa katikati ya kitanda, lakini huzoeleka.

Vitambaa vya fulana, ambavyo mafundi wengi huvidharau kwa kuwa hunyumbuka, hufaa kwa zulia la mlangoni. Hukatwa vipande virefu vya upana wa sentimita 2 na kusukwa nyuzi tatu tatu kama nywele. Msuko huo huzungushwa kama konokono na kushonwa chini kwa shazia na uzi wa gunia. Msuko ulazwe mezani wakati wa kushona. Ukishonewa magotini zulia litafanya kofia.

Mdoli wa kitambaa ni zawadi ipendwayo na watoto, lakini asitiwe macho ya vifungo. Mtoto mchanga hung'oa kifungo kwa meno, na kifungo kilicho kooni hakitoki kwa urahisi. Macho na kinywa vidariziwe kwa uzi. Vifungo, zipu na pini zilizotolewa katika nguo kuukuu ziwekwe katika kopo lenye kifuniko, zikiwa zimefungwa jozi kwa jozi, kwa sababu kifungo kimoja kisicho na mwenzake ni taabu tu.

Bangili za kawaida za mti au plastiki, zilizochubuka rangi, hupata sura mpya kwa kuzungushiwa utepe mwembamba wa kitenge. Utepe ukatwe kwa mshazari wa kitambaa, maana hapo hunyumbuka na kushika mviringo pasipo makunyanzi. Ncha yake ya mwisho hufichwa upande wa ndani kwa gundi na mishono 2 au 3. Hii ni kazi ya jioni moja, na wasichana huifanya vizuri kuliko watu wazima.

Makopo, na Hatari Iliyomo

Mafundi wa bati wa Thika, kama wenzao wa Nairobi, wanajua kuligeuza kopo au pipa kuwa karai, sanduku, chombo cha kulishia kuku, na hata taa ya koroboi. Koroboi imewasomesha watoto wengi, lakini haina kioo cha kuukinga mwali, nayo ikipinduka humwaga mafuta ya taa pamoja na moto. Nyumba iliyopata umeme haina haja ya kuirudia kwa ajili ya urembo. Kopo lina kazi nyingine nyingi. Likitobolewa chini huwa chungu cha mche wa sukuma wiki au wa parachichi. Kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2 ni gorogoro, kipimo cha mahindi kinachojulikana kila soko. Mahali palipokatwa papindwe mara 2 na kupigwa nyundo palale, kwa maana bati lililoachwa wazi hukata kama wembe. Chombo kilichounganishwa kwa lehemu kisipikiwe wala kisiwekewe vitu vikali kama maji ya ndimu, kwa sababu lehemu yaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu.

Lakini liko kopo moja ambalo halifai kazi yo yote, na hilo hupatikana zaidi katika nchi ya kahawa kuliko mahali pengine. Kahawa ya Kiambu na Thika imesumbuliwa miaka mingi na kutu ya majani na ugonjwa wa matunda, ambao ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru kilitoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, iliyokuzwa ili ishindane na magonjwa hayo mawili na kupunguza unyunyizaji. Hata hivyo dawa haikwisha. Mashamba ambayo hayajageuzwa kuwa majumba bado hunyunyiziwa, na kila unyunyizaji huacha makopo na mitungi ya plastiki, mingi ikiwa na vifuniko imara na rangi nzuri.

Mitungi hiyo ndiyo itamanishayo. Mtu huiosha kwa sabuni na mchanga, huinusa, akaona harufu imekwisha, akaifanya ya maji ya kunywa au kuikata iwe kichezeo. Harufu si kipimo. Dawa huingia ndani ya plastiki yenyewe na kutoka tena pole pole siku nyingi baadaye, na mtoto huumia kwa kiasi kidogo kuliko mtu mzima. Kanuni ya wataalamu ni fupi: chombo kikiisha dawa kisuuzwe mara 3, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha chombo kitobolewe kisiweze kushika kitu tena, na kirudishwe mahali pakusanyiwapo. Aonaye mtungi usiotobolewa ukiuzwa sokoni bila karatasi yake ya jina aulize umetoka wapi. Mwuzaji akisitasita, mtungi uachwe hapo hapo. Matairi pia yana mpaka wake. Hukatwa kwa kisu kilicholoweshwa maji yakawa akala imara, lakini mabaki yake yasichomwe kuwashia moto, kwa kuwa moshi wake ni mbaya sana kifuani.

Mkono wa Kiondo

Imebaki sehemu moja ya kiondo, nayo ndiyo huamua kama mnunuzi atarudi. Vyondo vingi havikatiki ubavuni. Hukatika pale mkono uliposhikizwa. Viwanda na mafundi wa ngozi wa Thika huacha vipande vyembamba visivyotosha kiatu, na vipande hivyo vyafaa mkono wa kiondo, mradi vichaguliwe. Kipande kikivutwa kwa nguvu na kurefuka sana ni cha tumbo la ng'ombe, nacho kitaendelea kurefuka mabegani. Kilichotoka mgongoni hakirefuki upesi, nacho ndicho kitakiwacho. Kikikunjwa na kupasuka juu ya kunjo, ngozi imekauka na haifai.

Mkono usishonwe katika mzunguko wa juu peke yake. Ncha yake ishuke chini ya mdomo sentimita 6 au 7, nje ya kiondo, na kipande kingine cha ngozi chenye ukubwa sawa kiwekwe ndani, ili ubavu uwe katikati ya ngozi mbili. Matundu hutobolewa kwa msharasi, yakipita kati ya nyuzi za katani wala yasizikate, na uzi wa kushonea uwe umepakwa nta. Mishono ifanye mraba, na msalaba ndani yake.

Kisha kiondo hujazwa viazi hata mdomoni na kutundikwa katika msumari usiku kucha. Asubuhi ngozi hutazamwa kuzunguka kila tundu. Ikiwa tundu limevutika na kuwa refu kama jicho, mishono huondolewa na ngozi nyingine hutafutwa. Ikiwa matundu yamebaki mviringo kama yalivyotobolewa, viazi hurudishwa jikoni, na kiondo huenda sokoni.